Maswali ya wasomaji: Soma na mstari wa juu yake

Mwezi huu barua zimekuwa nyingi na karibu zote zina hela ndani, hata zile zinazoanza na maombi ukifika katikati unakuta hela. Wala sishangai, Biblia yenyewe inaongea habari za madeni na mashamba kuliko tunavyohubiriwa. Nimechagua chache, zingine nimezifupisha maana kuna mtu ameniandikia karibu daftari zima, na majina nimeyaacha kama mlivyoomba.

*Mwalimu, Bwana Yesu asifiwe. Mi ni mwekahazina wa kikoba chetu cha kina mama, wengi tunasali kanisa moja na kila jumamosi tunafungua kwa maombi. Kuna mwenzetu alikopa laki 6, akarejesha laki 2 akakwama, mumewe anaumwa. Riba yetu ni asilimia 10 kwa mwezi na faini za kuchelewa juu yake, kwaiyo deni linazidi kurudi palepale. Katiba yetu inasema akishindwa tunaenda kumbebea vitu, na kitu cha maana alichonacho ni cherehani anayoshonea. Jumamosi hii ndo tunaenda. Wenzangu wananiambia neno linasema "asiye haki hukopa wala halipi". Moyo unasita ila mi ndo nashika daftari. Biblia inasemaje? – Mwekahazina, Mbagala*

Dada yangu, afadhali umeandika kabla ya hiyo jumamosi. Na huo mstari wanaokutajia upo kweli, ni Zaburi 37:21, ila wameukata katikati, waambie wamalizie: bali mwenye haki hufadhili, hukirimu. Nusu ya kwanza ni ya huyo mama, nusu ya pili ni yenu nyie mlioshika daftari, sasa mkisoma ya kwake tu mkaacha ya kwenu hapo mmesoma nini.

Haya, cherehani. Yaani hili jambo Biblia haijalipitia juu juu, imelisema mpaka utashangaa. Fungua Kumbukumbu la Torati 24:6, pale inakatazwa mtu kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, hata lile la juu peke yake. Ujue enzi zile hakuna unga wa dukani, nafaka inasagwa nyumbani kati ya mawe mawili, la chini limetulia na la juu linasukumwa kwa mkono, na kazi hiyo mara nyingi ilikuwa ya wanawake, asubuhi unasikia mawe kila nyumba. Sasa mkopeshaji mjanja hana haja ya kujitwisha mawe yote mawili, anabeba la juu tu anaondoka nalo, la chini linabaki halina kazi na nyumba nzima leo hawali mkate. Na yeye hilo jiwe halimsaidii kitu, kwake analo lake, kalichukua ili akubane tu. Sababu imetolewa palepale kwenye mstari, kwamba anayechukua hilo amechukua uhai wa mtu. Cherehani ya huyo mama ni jiwe la juu. Mkiibeba mtaiuza laki ngapi, ikishatumika vile, alafu yeye atawalipa kwa kushonea nini?

Shuka kidogo mpaka mstari wa 10 na wa 11, hapa ndo mimi huwa nasimama. Ukimkopesha jirani yako usiingie nyumbani kwake kuchukua rehani, simama nje, yeye mwenyewe akuletee. Simama nje! Mwenye deni bado ana mlango, na mlango ni wake, na kitu gani kitoke ndani anachagua yeye sio wewe. Sasa linganisha na hii tabia yetu ya kumbebea mtu vitu, watu kumi na tano wanaingia ndani kwa makelele, wanang'oa tivii ukutani, watoto wako pembeni wanalia, majirani wameshatoa simu wanarekodi, jioni iko kwenye magrupu. Na wengi wetu tunafanya hivyo tukitoka kwenye maombi moja kwa moja. Nabii Amosi aliwaona watu wa namna hiyo zamani sana, sura ya 2 mstari wa 8, wanajinyoosha kando ya madhabahu juu ya nguo walizochukua kwa wadaiwa. Wako ibadani, wametandika nguo za watu. Wakati Kutoka 22:26-27 ilishasema joho la maskini ukilichukua rehani umrudishie kabla jua halijazama kwa sababu ndilo analojifunikia usiku, usipomrudishia atalala na nini.

Mtu atanijibu, Mwalimu hiyo ni torati, sisi tuko chini ya neema. Sawa, ila itakuwa ajabu neema iwe kali kuliko torati.

Riba nayo tusiikwepe. Soma Nehemia sura ya 5 nzima, ni fupi, ikiwezekana isomeni kwa sauti hiyo jumamosi badala ya mahubiri. Watu wako bize wanajenga ukuta wa Yerusalemu, ghafla inatokea kelele kubwa, na wanaolia sio maadui, ni watu wenyewe na wake zao wanawalalamikia ndugu zao Wayahudi. Wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka, wengine wamekopa walipe kodi ya mfalme, watoto wao wanachukuliwa utumwani na hawana uwezo wa kuwakomboa. Nehemia akakasirika. Ila kabla hajawaka akakaa kwanza akafikiri moyoni, alafu akaitisha mkutano mkubwa, na mstari wa 10 anasema wazi kwamba hata yeye na ndugu zake na watumishi wake wanawakopesha watu fedha na nafaka, tuache riba hii. Hajajitoa kwenye kesi. Akawaambia warudishe mashamba leo hii na ile sehemu ya mia waliyokuwa wanatoza. Wachambuzi wengi wanaielewa hiyo sehemu ya mia kuwa ni ya kila mwezi, yaani asilimia 1. Nehemia alikung'uta nguo mbele ya mkutano kwa sababu ya asilimia 1 kwa mwezi, na nyie mko kwenye 10. Sisemi kikoba ni dhambi, riba yenu mwisho wa mzunguko mnagawana wenyewe na hiyo ni tofauti na wale wakopeshaji wa kausha damu wanaokuja na pikipiki. Ila faini juu ya riba kwa mtu ambaye mume yuko kitandani, hiyo haigawanywi, hiyo inakusanywa kutoka kwa mmoja kwenda kwa wengine.

Na mwenzenu nae asijifiche. Yule mjane wa 2 Wafalme 4, mkopeshaji alipotaka kuchukua wanawe wawili, muujiza wa mafuta yake kuongezeka ulipoisha nabii Elisha hakumwambia nenda ukale, alimwambia kauze mafuta, lipa deni, alafu yeye na wanawe waishi kwa kinachobaki. Deni kwanza. Kwaiyo aje kikaoni mwenyewe, asizime simu, aseme anaweza kiasi gani kwa wiki hata kama ni elfu tano. Wadhamini wake nao wapo, sivyo? Mithali 6:1-5 inamwambia mdhamini asilale usingizi, aende akajinyenyekeze kwa jirani yake, kwaiyo waanze wao kumfuata, sio kundi zima.

Ushauri wangu kama mwekahazina: simamisha faini leo, riba isiendelee kupanda mpaka mume apate nafuu, ule mfuko wa jamii mnaochangia kila wiki kazi yake ni hii hii, na cherehani ibaki. Tena mpeni kazi. Kina mama wote hao mna watoto wa shule, sare wanashona wapi? Ashone yeye, nusu ya ufundi iingie kwenye rejesho moja kwa moja. Katiba mlitunga wenyewe na mnaweza kuibadilisha kwa kupiga kura, haikushuka Sinai.

*Mwalimu shikamoo. Nina diploma ya uhasibu tangu miaka mitatu iliyopita, ajira hakuna. Andiko ninalolisimamia ni Yeremia 29:11, nimeliweka hadi kwenye skrini ya simu. Kila januari tunatabiriwa kwamba mwaka huu ndo wako. Mjomba alinipa kazi ya kusimamia duka lake la pembejeo nikakataa, naona nikikubali nitakuwa nimejitoa kwenye mpango wa Mungu. Niendelee kusubiri? – Kijana, Mbeya*

Marahaba mwanangu. Andiko lako ni zuri na mimi nalipenda, mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho. Sasa nikuulize, umewahi kusoma mstari wa 10? Upo juu yake tu. Unasema miaka 70 ikitimia kwa Babeli ndipo nitawajilia. Sabini! Hii ni barua, Yeremia yuko Yerusalemu anawaandikia watu waliochukuliwa mateka pamoja na mfalme Yekonia mwaka 597 KK, na kwa hesabu hiyo wengi waliosomewa ile barua wakiwa watu wazima walizikwa hukohuko ugenini. Waliorudi ni watoto na wajukuu. "Ninyi" ya pale ni ya taifa zima, sio ya mtu mmoja na cheti chake.

Na ujue kwa nini Yeremia aliandika. Sura ya 28, iliyotangulia, kuna nabii anaitwa Hanania, alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote akatabiri kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kinarudi, vyombo vya hekalu, mfalme, mateka wote, akaivunja hadi nira ya mti aliyokuwa ameivaa Yeremia shingoni. Nina uhakika ile siku watu walipiga kelele za shangwe. Ni tabiri tamu kweli, mwaka huu ndo wako kabisa. Hanania alikufa mwaka uleule na miaka miwili ikapita hakuna aliyerudi.

Sasa wale mateka wafanye nini wakati wanasubiri? Rudi mstari wa 5 mpaka wa 7. Jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, zaeni, utakieni amani mji ule mliopelekwa na kuuombea, maana katika amani yake ninyi mtapata amani. Bustani, mwanangu! Babeli! Kwenye nchi ya watu waliowateka! Mungu hakuwaambia wakae juu ya mabegi yao.

Kwaiyo duka la mjomba. Mtu wa uhasibu akikaa kwenye duka la pembejeo, tena Mbeya ambako mbolea na mbegu zina msimu wake na kukopesha wakulima ni jambo la kila siku, akianza kushika vitabu vya lile duka vizuri, stoku, madeni, mauzo, miezi kadhaa tu atakuwa na kitu cha kuonyesha mwajiri kuliko cheti kilichokaa kwenye bahasha. Mpigie mjomba kesho, anza na shikamoo na samahani, na maombi ya kazi endelea kutuma usiku.

Hiyo skrini ya simu usiifute, ongeza tu mstari wa 5.

*Ni dhambi kusomea Biblia kwenye simu kanisani? Mzee wa kanisa ametutangazia tusije na simu madhabahuni. – Dodoma*

Sio dhambi. Bwana Yesu pale Nazareti, Luka 4, alipewa gombo la Isaya akalikunjua, kitabu chenye kurasa kama hiki chako cheusi hakuwa nacho, na hakuna aliyesema gombo tu ndio takatifu. Ila mzee wenu nae ana hoja maana mnafungua Warumi mnaishia kwenye mesej. Zima data ukiingia mlangoni.

*Bwana asifiwe Mwalimu. Mi ni muuguzi, zamu za usiku zimeongezwa maana tuko wachache, na nina watoto wawili wadogo. Nikipiga magoti nalala palepale, asubuhi najikuta kichwa kwenye godoro magoti chini. Kiongozi wetu wa maombi kasema nimepoa kiroho, nina roho ya usingizi, nifunge siku 3 kavu. Naogopa kwa kweli na pia naona aibu. – Nesi, Morogoro*

Pole mdogo wangu, pole tena. Kwanza usifunge kavu huku unapiga zamu za usiku, utaanguka wodini na wagonjwa watakosa mtu.

Sasa njoo 1 Wafalme 19. Nabii Eliya ametoka mlima Karmeli, jana yake tu moto umeshuka, manabii 450 wa Baali wameaibika, mvua imenyesha baada ya ukame mrefu, amekimbia kwa miguu mbele ya gari la mfalme Ahabu mpaka Yezreeli, mtu aliye kileleni kabisa. Yezebeli, mke wa Ahabu, anatuma mesej moja, kesho saa kama hizi nitakuua. Eliya anakimbia mpaka Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake pale, anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anakaa chini ya mti wa mretemu anaomba afe. Yatosha, anasema. Alafu analala.

Mimi nilihubiriwa hii sura mara nyingi na kila mara tunakimbilia ile sauti ndogo ya utulivu pale Horebu, tunaruka katikati. Angalia katikati. Malaika anakuja, na ni malaika wa Mungu kweli sio mtu wa ukoo, na wala hamkemei, hamwambii una roho ya usingizi, hamuulizi lini mara ya mwisho umeomba. Anamgusa anamwambia inuka, ule. Anatazama kichwani pake kuna mkate umeokwa juu ya makaa na chombo cha maji. Anakula, anakunywa, analala tena! Na malaika anamwacha alale. Anakuja mara ya pili, inuka ule, maana safari ni kubwa mno kwako. Baada ya hapo ndo anatembea siku 40 hadi Horebu, na huko Horebu ndo mazungumzo yanaanza, unafanya nini hapa Eliya. Yaani Mungu alipika kabla hajahoji. Na mwisho wa mazungumzo anapewa vitu viwili ambavyo alikuwa hana: habari kwamba wapo watu 7,000 ambao hawajampigia Baali goti, kumbe hayuko peke yake, na msaidizi, Elisha. Kwaiyo kama unaweza kupata wa kukushikia watoto asubuhi mbili kwa wiki ulale, huyo ndo Elisha wako, mtafute bila aibu.

Najua watakujibu na Gethsemane, pale Bwana alipowaambia wanafunzi hamkuweza kukesha pamoja nami hata saa moja. Waambie wasome na Luka 22:45, pale imeandikwa wanafunzi walikuwa wamelala kwa huzuni. Kwa huzuni, sio kwa uvivu. Na Luka ndo yule ambaye Paulo anamwita tabibu mpendwa, naona kama jicho la kazi yake lilimsaidia kuona kitu. Bwana mwenyewe nae alisema roho i radhi lakini mwili ni dhaifu, maneno ya mtu anayewatetea wenzake.

Sala zako zifupishe. Ukiwa unanawa mikono kati ya mgonjwa na mgonjwa, taja jina la yule unayetoka kwake na yule unayeenda kwake, basi, hiyo ni sala. Lakini pia nikuambie kama dada yako: kama uchovu hauondoki hata siku za ofu, hamu ya kula imekwisha, unalia bila sababu au lile neno la Eliya la "yatosha" limeshakuja kichwani kwako hata mara moja, ongea na daktari hapo hapo kazini, usisubiri ibada ya jumapili.

*Tumsifu Yesu Kristu. Nikiwa na jambo zito nafumba macho nafungua Biblia naweka kidole, panapoangukia ndo jibu langu. Padri wetu hapendi lakini Mtakatifu Augustino si ndivyo alivyoongoka? – Bukoba*

Milele amina. Umenifurahisha, na kuhusu Augustino hujakosea sana. Ilikuwa mwaka 386, bustanini kule Milano, analia, akasikia sauti kama ya mtoto inaimba chukua usome, akafungua akakuta Warumi 13:13-14, tusienende kwa ulafi na ulevi, mvaeni Bwana Yesu Kristo. Ila angalia vizuri: kitabu alichofungua kilikuwa cha nyaraka za Paulo na alikuwa anakisoma siku zile, ndo maana kilikuwa karibu, na alikuwa anamsikiliza askofu Ambrosi akihubiri muda mrefu, na jambo lililokuwa linamtesa alilijua na jibu alilijua, alikuwa hataki tu. Kidole hakikumletea habari mpya. Tena huyohuyo Augustino baadae akiwa askofu aliandika kuhusu watu wanaopiga kura kwa kurasa za Injili, akasema kwamba afadhali hivyo kuliko kwenda kwa mashetani, lakini hapendi maneno ya Mungu yatumike kwa mambo ya biashara na mambo ya dunia hii. Padri wako amesimama upande wa Augustino basi.

Mimi ninachoogopa kwenye hiyo njia yako ni kwamba kidole kikianguka pabaya utajaribu tena, si kweli? Mpaka upate unachotaka. Chukua kitabu kimoja, anza na Yakobo maana kina sura 5 tu na kinaongea mambo ya ulimi, matajiri, ubaguzi wa viti kanisani, anza sura ya kwanza hadi ya mwisho, wiki nzima. Utakuta jibu la jambo ambalo hukuuliza.

*Mwalimu, nawasalimu nikiwa Nakuru. Kakangu mkubwa aliuza nusu ekari ya marehemu baba kisirisiri, sehemu ambayo ilikuwa tugawane, na pesa akala. Hajawahi kusema pole. Nikimuuliza anasema wewe si umeokoka, samehe saba mara sabini. Watu wa kanisa wananiambia nimwachie Mungu. Nilikuwa nafikiria kwenda kwa chifu. Na binti yake anaolewa Disemba, nimealikwa. Niende? – Mdogo mtu*

Kaka yako anajua Biblia sehemu inayomfaa. Saba mara sabini ni Mathayo 18:22. Panda juu kidogo, mistari saba tu, mpaka 18:15: ndugu yako akikukosa, nenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Asiposikia chukua mtu mmoja au wawili, ili kila neno lithibitike kwa vinywa vya mashahidi. Asiposikia hao, liambie kanisa. Petro aliposikia hayo yote ndo akauliza sasa nisamehe mara ngapi. Kwaiyo huwezi kunyanyua jibu la Petro ukaliacha swali lilikotoka. Anayekuambia umwachie Mungu, muulize kama yuko tayari kuwa yule shahidi wa mstari wa 16, wengi hapo watakumbuka wana safari.

Na kusamehe sio lazima kuwe kufumba macho. Yusufu ndo mfano wetu wote wa kusamehe, si ndiyo, na watu wanaruka kutoka shimoni alikotupwa na ndugu zake hadi kwenye machozi ya kukumbatiana. Katikati kuna sura tatu, Mwanzo 42 hadi 44, na Yusufu wa humo ni mtu mwingine. Yeye sasa ni mkubwa Misri, ndugu zake wamekuja kununua nafaka, aliwatambua siku ya kwanza na hakusema. Akawaweka ndani siku 3, akamshikilia Simeoni, akawarudishia fedha maguniani mwao kimyakimya, akadai waje na Benyamini, alafu akaficha kikombe chake cha fedha kwenye gunia la huyo mdogo. Kwa nini mateso yote hayo? Ukisoma taratibu unaona alikuwa anaitengeneza upya ile siku ya shimoni: mtoto kipenzi wa baba, ndugu wana nafasi ya kumwacha Misri wakaenda zao na nafaka. Alitaka aone watafanya nini. Na aliyesimama ni Yuda, yuleyule aliyetoa wazo tumuuze kwa Waishmaeli, vipande 20 vya fedha, sasa anasema mimi nibaki mtumwa, kijana arudi kwa baba. Hapo, na sio kabla ya hapo, Yusufu akashindwa kujizuia akalia mpaka nyumba ya Farao wakasikia. Chuki alishaiweka chini, ndo maana nafaka aliwapa tangu safari ya kwanza, na fedha walizolipa akawarudishia. Kuwaamini ilichukua muda na ilitegemea wao.

Wewe nafaka mpe, yaani salamu, na asipokuwa na kitu usifurahi. Lakini hati nyingine ya familia usimkabidhi.

Kuhusu shamba lenyewe, Zakayo, yule mtoza ushuru, aliposhukiwa na wokovu hakusema nimesamehewa na Mungu yameisha, alisema kama nimemnyang'anya mtu nitamrudishia mara nne. Toba ya mali inaonekana kwenye mali. Kuhusu chifu, watakutajia 1 Wakorintho 6, kwamba ndugu asimshtaki ndugu mbele ya wasioamini, na ni kweli Paulo kasikitika sana pale, ila palepale kauliza, hakuna kwenu hata mmoja mwenye hekima awezaye kukata maneno kati ya ndugu na ndugu? Yaani anadai kesi isikilizwe, sio ifunikwe. Kwaiyo kaa nae peke yenu kwanza, kabla ya harusi au baada lakini isiwe siku ya harusi, umwambie kiasi unachodai na mwaka alipouza. Akikataa, wazee wawili wa ukoo au wa kanisa. Wakishindwa, nenda kwa chifu na makaratasi yako, Paulo mwenyewe walipotaka kumdhulumu alikata rufani kwa Kaisari, Matendo 25:11, na hakupungukiwa wokovu.

Harusi nenda. Binti hajauza ekari ya mtu, na zawadi mpe yeye mkononi, isipitie kwa baba yake.